Hela ya chakula cha samaki: unalipia protini, si mifuko

Miezi miwili iliyopita dada mmoja aliyeko Muscat, anafanya kazi za ndani, alinitumia ujumbe wa sauti karibu saa sita usiku, baada ya kumaliza vyombo. Kaka yake yuko Morogoro. Wamechimba bwawa kwa hela yake, wanategemea kuweka vifaranga 1,000 wa perege, na sasa kaka anaomba hela ya chakula. Ametaja bei mbili. Kuna chakula cha shilingi 4,500 kwa kilo, na kuna "chakula cha kawaida", yaani pumba, cha shilingi 700. Dada akauliza hivi: "Kaka, samaki naye ana mambo ya protini kama mtoto? Si anakula chochote? Mshahara wangu ni riali 90, nisaidie nisitupe."

Nilimjibu. Lakini swali lake nimeshaulizwa na vijana wa ujenzi walioko Doha, na mama mmoja anayelea wazee Uingereza, wote wana bwawa nyumbani ambalo hawajaliona kwa macho. Basi leo tulisome vizuri. Mimi ni mhasibu, kazi yangu ni hesabu. Haya ya samaki nimejifunza kwa sababu yalinitoa hela.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na bwawa la mita 20 kwa 25. Vifaranga 1,000, gramu 5 kila mmoja. Mdogo wangu ndiye alikuwa anasimamia. Kila mwezi natuma hela ya chakula, kila mwezi ananitumia picha ya risiti. Nilijisikia meneja kabisa. Risiti zangu zilikuwa zinalingana hadi shilingi ya mwisho, kilo 420 kwa miezi saba, hakuna hata senti iliyopotea. Siku ya kuvua akanipigia simu ya video. Samaki 800, wanene wa vidole vitatu, wastani gramu 90. Jumla kilo 72. Mnunuzi akaangalia ndoo, akacheka, akaondoka.

Mdogo wangu hakula hela. Hilo nalisema mapema, maana najua wengi mkisoma hapa mnakumbuka ugomvi wa kwenu. Alichofanya ni kunihurumia: aliona chakula cha vidonge ni ghali, akanunua pumba za mahindi ili mifuko iwe mingi na mimi nisiumie. Na mimi niliyekuwa nauliza "mifuko mingapi?" kila mwisho wa mwezi, sikuwahi hata mara moja kuuliza "mfuko una protini kiasi gani?" Kosa hilo ni langu.

Tena si sisi tu. Kenya, kuanzia mwaka 2009, serikali iliendesha mpango mkubwa wa kuchimba mabwawa, 200 kwa kila jimbo katika majimbo 140. Wafugaji walisaidiwa mabwawa, vifaranga na chakula cha kuanzia. Msaada ulipokwisha, moja ya mambo yaliyowashinda wengi ni bei ya chakula chenye ubora, na mabwawa mengi yakaachwa. Kuchimba shimo na kuweka maji si ndio mwisho wa gharama. Katika ufugaji wa kibiashara chakula peke yake mara nyingi hula zaidi ya nusu ya gharama za uendeshaji.

Protini inafanya nini ndani ya samaki

Mnaomlea mtoto wa bosi mnajua hili kuliko mimi. Mtoto anayepewa uji mtupu anashiba, anaweza hata kuonekana ana mashavu, lakini hakui. Bibi zetu waliita kwashakoo. Samaki naye ni hivyo hivyo. Pumba ni wanga kwa sehemu kubwa, na wanga ni nguvu ya kuogelea. Nyama ya samaki, ambayo ndiyo unayouza kwa kilo, inajengwa kwa protini.

Protini yenyewe imeundwa kwa vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi. Kuna 10 ambazo samaki hawezi kuzitengeneza mwilini, lazima azile. Hapa nawaita mafundi ujenzi. Ukiwa saiti una matofali 5,000, mchanga lori mbili, lakini saruji mifuko mitatu, ukuta wako utaishia pale saruji ilipoishia. Matofali yaliyobaki hayakusaidii. Amino asidi ni vivyo hivyo: ile iliyopungua ndiyo inayoamua samaki akue kiasi gani. Katika vyakula vya mimea zinazopungua mara nyingi ni laisini na methionini. Ndiyo maana chakula cha mashudu matupu, hata kama kwenye karatasi protini inaonekana nzuri, kinaweza kumkuza samaki polepole kuliko kilichochanganywa na dagaa kidogo au soya.

Kuna jambo la pili. Samaki akikosa nguvu ya kutosha kwenye chakula, anaichoma ile protini ya ghali ili apate nguvu. Ni sawa na kuchoma mbao za mlango kuchemshia chai. Na akipewa protini kupita anayoihitaji, ile ya ziada haiwekwi akiba. Anaivunja na kuitoa kupitia mashavu yake ikiwa amonia, inaingia kwenye maji yale yale anayopumulia. Kwa hiyo hela uliyotuma kwa "chakula kizuri zaidi" inaweza kuishia kuchafua bwawa.

Hitaji linashuka jinsi samaki anavyokua

Hapa ndipo hela ilipo, someni taratibu.

Perege au sato, huyu wa Mto Nile anayefugwa karibu kila mahali, akiwa mdogo kama punje ya mchele anahitaji chakula chenye protini asilimia 45 hivi. Hatua hiyo mara nyingi ni ya mzalisha vifaranga, si yako. Unapompokea akiwa gramu 5, hadi afike gramu 30, mpe asilimia 35 hadi 40. Kutoka gramu 30 hadi 100, asilimia 30 hadi 32 inatosha. Akivuka gramu 100 hadi siku ya kuvua, asilimia 25 hadi 28. Wazazi wa kutagisha wanapanda tena, 35 hadi 40, lakini kama hufugi kwa ajili ya kuuza vifaranga hilo halikuhusu.

Sababu ni rahisi. Mdogo anaongeza mwili kwa kasi, anaweza kuwa mara mbili ya uzito wake ndani ya wiki mbili. Mkubwa anaongeza taratibu ukilinganisha na mwili alionao, na sehemu kubwa ya anachokula ni ya kujiendesha tu.

Sasa tufanye hesabu ya bwawa la dada wa Muscat. Bei ninazotumia ni za mfano wa hesabu, wewe weka za dukani kwenu. Vifaranga 1,000 wa gramu 5, tunategemea 850 wafike sokoni wakiwa na gramu 300, yaani kilo 255.

Hatua ya kwanza, gramu 5 hadi 30. Samaki wote kwa pamoja wanaongeza kama kilo 24 tu. Kwa chakula kizuri, kilo 1.1 ya chakula inatoa kilo moja ya samaki katika umri huu. Kwa hiyo unahitaji kama kilo 26. Kwa shilingi 4,500 ni shilingi 117,000.

Hatua ya pili, gramu 30 hadi 100. Wanaongeza kama kilo 63, kwa kila kilo unatumia 1.3 ya chakula, unapata kilo 82. Kwa shilingi 3,000 ni shilingi 246,000.

Hatua ya tatu, gramu 100 hadi 300. Wanaongeza kilo 170, kwa kila kilo unatumia 1.6, unapata kilo 272. Kwa shilingi 2,600 ni shilingi 707,200.

Jumla kilo 380, shilingi 1,070,200.

Umeona kitu? Kile chakula cha 4,500 kilichomtisha dada ni kilo 26 kati ya 380. Ni mfuko mmoja na kidogo! Watu wengi wanabana hapo hapo mwanzoni, kwa sababu bei ya kilo inaonekana kubwa, halafu wanamdumaza samaki kwa kuokoa shilingi laki moja. Na wapo wa upande wa pili, wale wenye uchungu na bwawa lao, wanasema "mimi nataka bora tu" na kununua cha 4,500 hadi mwisho. Kilo 380 mara 4,500 ni shilingi 1,710,000. Wamelipa karibu 640,000 za ziada kutengeneza amonia.

Sasa linganisha na bwawa langu la pumba. Kilo 420 kwa shilingi 700 ni 294,000. Inaonekana rahisi sana. Lakini samaki wangu waliongeza kilo 67 tu, kwa hiyo kila kilo ya samaki ilinila zaidi ya kilo 6 za pumba, karibu shilingi 4,400. Bwawa la mfano hapo juu linaongeza kilo 250 kwa 1,070,200, ambayo ni karibu shilingi 4,300 kwa kilo. Gharama ni ile ile! Tofauti ni kwamba moja linatoa samaki wa gramu 300 anayejaa sahani, lingine linatoa samaki anayechekwa sokoni. Bei ya kilo ya chakula haikuambii chochote mpaka uizidishe na kilo za chakula zinazotoa kilo moja ya samaki. Mimi mhasibu mzima nilikuwa sijui hilo.

Na faida? Tuseme unauza shilingi 8,000 kwa kilo, unapata 2,040,000. Toa chakula, toa vifaranga tuseme 200,000, inabaki 769,800. Hapo bado hujatoa gharama ya kuchimba, maji, mlinzi, neti na usafiri. Ni biashara inayoweza kulipa, lakini si ile ya "weka milioni moja utoe tano" mnayotumiwa kwenye magrupu. Anayekuambia hivyo mwombe hesabu ya chakula kwanza.

Maji ya kijani ni chakula cha bure

Hapo juu nimehesabu kama vile samaki anategemea vidonge tu. Bwawa la udongo lina neema yake. Ukiweka samadi kidogo kidogo kwa kipimo, maji yanakuwa ya kijani kwa vimelea vidogo vya mimea na wadudu wa majini, na perege anavila. Anajua kuvichuja kwenye maji akiwa anapita. Ndani yake kuna protini nzuri na vitamini. Kwa bwawa lenye samaki wawili kwa mita moja ya mraba, kama la kwangu lilivyokuwa, maji yakiwa ya kijani vizuri chakula cha asilimia 25 kinaweza kutosha mapema zaidi ya nilivyoeleza, na kilo zikapungua. Kipimo cha kienyeji: msimamizi azamishe mkono, kiganja kikipotea machoni maji yanapokaribia kiwiko, rangi inatosha. Kikipotea mapema sana, aache samadi kwanza. Maji mazito kupita kiasi humaliza hewa usiku, na asubuhi utakuta samaki wanahema juu au wameelea.

Lakini kama ndugu yako anafuga kwenye tanki la plastiki, au vizimba ziwani, au amebananisha samaki sita kwa mita moja, sahau. Humo chakula cha asili hakitoshi. Kila protini na kila vitamini lazima itoke mfukoni. Ndiyo maana nikiulizwa "chakula gani kizuri?" na mimi nauliza "samaki wako wanaishi wapi?"

Mbona mimi nilikuwa na bwawa la udongo na bado nilikwama? Kwa sababu maji yangu yalikuwa meupe kama ya kunywa, mdogo wangu aliona fahari bwawa kuwa safi. Halafu nilinunua vifaranga mchanganyiko, majike na madume, wakaanza kuzaana wakiwa bado wadogo, na bwawa likajaa watoto wanaogombea pumba zile zile. Nunua madume watupu. Hata protini bora haiwezi kushinda bwawa lililojaa wajukuu.

Kuchanganya nyumbani

Wengi mnaniuliza kama ndugu anaweza kuchanganya chakula mwenyewe. Anaweza, hasa kwa hatua ya pili na ya tatu. Hatua ya kwanza mnunulie tu, ni kilo 26, haistahili kuhangaika.

Viwango vya kukumbuka. Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10. Mashudu ya alizeti yanategemea maganda: yenye maganda mengi yako kwenye 20 na kitu, yaliyomenywa yanaweza kuvuka 35. Mashudu ya soya yapo 44 na kuendelea. Dagaa wakavu wako 50 hadi 60 wakiwa safi, na ukinunua wale wa kuanikwa mchangani jua sehemu ya kilo unayolipia ni mchanga. Wale funza wanaofugwa kwenye taka, wengi wanawaita BSF, wakikaushwa wanafika 40 na zaidi, na kama kuna kijana anawafuga karibu na bwawa lenu mngeongea naye.

Hesabu ya kuchanganya inaitwa mraba wa Pearson, ni ya darasa la saba kabisa. Unataka 30. Una pumba za 10. Upande wa pili una dagaa wa 55 na mashudu ya soya ya 44, ukichanganya nusu kwa nusu ni karibu 50. Toa: 50 ondoa 30 ni 20, hizo ni sehemu za pumba. 30 ondoa 10 ni 20, hizo ni sehemu za dagaa na soya. Zimelingana, kwa hiyo ni nusu kwa nusu. Kwa kilo 100: pumba 50, dagaa 25, soya 25. Hakiki: pumba zinatoa kilo 5 za protini, dagaa 13.75, soya 11, jumla 29.75. Imekaa. Ongeza primiksi ya vitamini na madini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na unga wa muhogo uliopikwa kidogo ushikilie, maana chakula kinachosambaa kwenye maji ni hela inayosambaa.

Soya mbichi isitumike. Ina kitu kinachozuia samaki kusaga protini, na moto ndio unaokiua. Ikaangwe au inunuliwe mashudu yaliyopita kwenye joto.

Na chochote kilichoota ukungu kitupwe. Sumukuvu haionekani wala haiondoki kwa kuanika juani. Hii ndiyo sababu nawasihi msitume hela ya chakula cha miezi minane kwa mkupuo eti kukwepa makato ya kutuma. Chakula kinachokaa kwenye chumba chenye unyevu kinapoteza vitamini na kinaota kuvu. Utaokoa riali mbili za makato upoteze mfuko mzima. Tuma kwa hatua.

Kusoma mfuko

Kwenye lebo tafuta maneno "protini ghafi" au herufi CP, na tarehe. Mfuko usio na lebo, uliofungwa kwa uzi dukani, usiulipie bei ya mfuko wenye lebo. Jueni pia kwamba maabara haiihesabu protini moja kwa moja. Inapima naitrojeni halafu inazidisha kwa 6.25. Mwaka 2008 kule China maziwa ya watoto yalitiwa melamini, ambayo imejaa naitrojeni, ili kipimo kionyeshe protini nyingi, na watoto wakafa. Kwenye chakula cha mifugo mchezo wa aina hiyo unaweza kufanyika hata kwa yurea. Kwa hiyo lebo ni mwanzo tu, hakimu ni mizani.

Kukagua ukiwa mbali

Kila baada ya wiki mbili msimamizi avue samaki 30 kwa neti, bila kuchagua wakubwa. Ndoo yenye maji iwekwe kwenye mizani, asome uzito, aingize samaki, asome tena. Tofauti gawanya kwa 30. Anakutumia picha mbili tu, ya kabla na ya baada. Dakika kumi imeisha na samaki wanarudi majini.

Ukishapata wastani unaweza kukagua mifuko pia. Samaki wa gramu 5 wanakula kama asilimia 7 ya uzito wao kwa siku: 1,000 mara gramu 5 ni kilo 5, kwa hiyo gramu 350 kwa siku nzima, kikopo tu, kigawanywe mara tatu au nne. Wa gramu 50 wanakula asilimia 4: samaki 900 ni kilo 45, kwa siku kilo 1.8, mfuko wa kilo 25 unamaliza wiki mbili. Wa gramu 200 ni asilimia 2 hadi 3. Ukiambiwa mfuko wa kwanza umeisha ndani ya wiki moja, usianze kwa kufoka. Uliza kwanza kama chakula kinabaki kikielea baada ya robo saa. Mara nyingi anamwaga kingi kwa upendo, kama anavyolishwa mgeni.

Na uulize hali ya hewa. Perege anataka maji ya nyuzi joto 26 hadi 32. Yakishuka chini ya 20 anakula kwa shida. Kama bwawa lako liko Njombe au Limuru, mwezi Juni na Julai punguza chakula hata kama una hela mkononi. Kitazama, kitaoza.

Ujumbe niliompa dada amtumie kaka yake ulikuwa hivi, mnaweza kuuchukua kama ulivyo:

"Kaka shikamoo. Nimekutumia hela ya mfuko mmoja wa kilo 25, chakula chenye CP 35 au 40, kile kidogo kidogo cha vifaranga. Naomba unipigie picha ya lebo kabla hujalipa. Pumba usiwape kwanza. Baada ya wiki mbili pima samaki 30 unitumie picha za mizani, wakifika gramu 30 nitatuma ya chakula cha 30 ambacho ni nafuu. Siyo kwamba sikuamini kaka yangu, ni ili tujue hela inayofuata ni ya nini."

Kaka hakukasirika. Alisema hakuna aliyewahi kumweleza kwamba chakula kinabadilika.

Jana dada amenitumia picha za mizani. Wiki ya tano, samaki 30, gramu 640, yaani gramu 21 kila mmoja, na kwenye mfuko zimebaki kama kilo 8. Aliuliza anunue mfuko wa pili wa cha vifaranga. Nimemwambia asinunue, hizo kilo 8 zitamfikisha karibu na gramu 30. Mshahara wa mwezi huu ukitoka, atume ya cha 30, mifuko miwili, basi.